Pasi Juu ya Mguu

Pasi ya moto iliangukia mguu wangu wa kulia, nami sikusikia kitu. Niliendelea kupima kola. Mke wangu ndiye aliyenusa, akauliza kama nimeunguza nguo ya mteja. Akatazama chini, akapiga magoti, akaiondoa pasi. Ngozi yangu ilibaki imeganda juu yake.

"Baba Mapacha," akasema taratibu, "huu mguu ni wako?"

Nikautazama kama mguu wa mtu mwingine.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miezi saba cherehani yangu ilikuwa nzito. Nikikanyaga, gurudumu linasita. Nikalaumu mkanda, nikaubadilisha. Nikatia mafuta. Nikabadilisha mkanda tena. Mgongo nao uliniuma, hasa nikilala, lakini fundi gani haumwi mgongo? Nilikwenda kwa mkandaji, akanikanda, nikarudi kukanyaga. Hata mkojo ulitoka kwa shida. Nikasema ni uzee unapiga hodi.

Mke wangu akamwita jirani yetu muuguzi, ambaye mtaa mzima unamwita Dada Sindano. Alimwagia jeraha maji baridi kwa muda mrefu, akalifunika kwa kitambaa safi. Kisha akachukua pini moja ya kazini kwangu, akaniambia nifumbe macho. Aligusa mguu wa kushoto kwa ncha, nikaruka. Nikasubiri aguse wa kulia.

"Unangoja nini, Dada?"

"Nimeshagusa mara tano, shemeji."

Nikafumbua macho. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Dada Sindano alieleza kwamba ndani ya mifupa ya mgongo mna ugwe, kama uzi mnene, unaopeleka habari kati ya ubongo na miguu. Kitu kikiubana, habari hazifiki. Aliposikia habari ya mkojo, akasimama.

"Ganzi, mgongo, na mkojo kugoma. Hayo yakikutana hayangoji kesho. Usikandwe tena. Twende hospitali sasa hivi."

"Cherehani ameitibu mara tatu," mke wangu akamwambia. "Yeye mwenyewe hata mara moja."

Picha ilionyesha uvimbe ndani ya ugwe. Nikapasuliwa. Daktari alitoa sehemu kubwa, akaacha kipande kilichoshikana na ugwe, kwa sababu kukitoa kungenipoozesha miguu yote miwili. Uvimbe ukapelekwa maabara. Baada ya wiki mbili tulikaa mbele ya daktari, mimi nikitaka neno moja tu.

"Ni saratani au si saratani?"

"Bado hatuwezi kusema," akajibu. "Tumeuona vizuri. Haufanani na saratani, wala haujatulia kama uvimbe usio na madhara. Tabia yake haijajulikana. Unaweza kukaa hivyo miaka mingi. Unaweza pia kukua."

Hapo nilishtuka kuliko siku ya pasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo, nimejiandaa kwa hapana. Hili sikuwa na pa kuliweka. Nikamwambia kwamba basi hajui kazi yake.

Daktari hakukasirika. Mke wangu ndiye aliyenigeukia.

"Kitambaa chekundu kipya, kinachuja au hakichuji?"

"Sitajua mpaka kifuliwe."

"Na wewe hujui kazi yako?"

Daktari akasema hata yeye atafanya vivyo hivyo: picha kila miezi sita, hata nikijiona mzima. Ganzi ikipanda au mkojo ukigoma, nisingoje tarehe.

Nimeshapigwa picha nne. Kipande kilichobaki hakijakua. Mkojo umerudi sawa, na ninashona, nikikanyaga kwa mguu wa kushoto. Ule wa kulia nautafuta kwa macho kabla ya kuweka pasi chini.

Ilinigharimu miezi saba, mikanda miwili na kopo la mafuta. Ilinigharimu vidole vitano vya mguu, ambavyo ninavyo lakini havisikii. Daktari anasema ningefika mapema, huenda vingesikia. Mkanda wa kwanza, ule nilioutupa kwenye kapu la mabaki chini ya meza, niliuokota juzi nikaukagua. Ulikuwa mzima.