Mkono Nyuma ya Keria

Haya yalimpata Bizimana, fundi baiskeli wa juu kule Nyakisasa. Ukimuuliza mwenyewe atakuangalia tu, halafu ataendelea kuziba pancha. Lakini gauni lipo. Na mtoto yupo.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Ukungu ulikuwa bado umekalia migomba. Bizimana alikuwa chini ya upenu wa nyumba yake, baiskeli ya mtu imepinduliwa magurudumu juu, anazungusha pedeli anasikiliza mnyororo. Projestus, rafiki yake asiye na kazi ila ana maoni, alikuwa amekalia ndoo anakula muhogo.

"Fundi, siku hizi wewe hata kutukana hutukani," Projestus akasema. "Tangu nimefika nakuchokoza, unaitikia 'ee' tu."

"Ee."

"Si unaona? Hata mbuzi wangu ana stori kuliko wewe."

Ni kweli. Tangu kaka yake Matiasi afariki, na hiyo ilikuwa wiki ya sita, Bizimana alikuwa kama mguu ulioulalia ukafa ganzi. Msibani hakulia. Kaburini alishika koleo, akafukia, akanawa mikono, akala wali. Watu walimwangalia wakaangaliana. Na jina la kaka yake halikumtoka tena mdomoni. Akilazimika kumtaja anasema "yule", basi.

Sababu anayo. Matiasi alikuwa anabeba ndizi kwa baiskeli, mikungu sita kwa safari moja, anavuka mlima wa Murukaka. Jioni moja akaja hapo upenuni, akasema, "Mdogo wangu, breki zimeisha, niwekee raba mpya." Bizimana alikuwa amechoka. Akamjibu neno moja: "Kesho." Hiyo kesho asubuhi, Matiasi hakusubiri, akapanda Murukaka na mzigo wake. Kuteremka upande wa pili akakosa kona ya mwisho, pale kwenye jiwe kubwa. Baiskeli ilirudi haina hata mkwaruzo. Siku ya pili ya matanga Bizimana akaifunga raba mpya. Hakuna aliyemtuma. Akaiegemeza ukutani na hakuigusa tena.

Basi Jumamosi hiyo Keza, mjane wa Matiasi, akatokea kwenye ukungu mbio, miguu mitupu, mtoto mgongoni.

"Shemeji, Joan anachemka! Tangu usiku anaweweseka. Sasa hata maji hamezi."

Joan alikuwa na miaka mitano. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kanisani, ndilo lililokuwa kavu. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayamwoni mtu. Bizimana akamgusa shingoni, akatoa mkono haraka.

Bodaboda zote mbili za kitongoji zilikuwa zimeondoka na watu wa mnada. Projestus akapiga simu zao, hazipatikani. Zahanati iko ng'ambo ya Murukaka. Baiskeli za wateja zilikuwa zimefunguliwa, hii haina gurudumu, ile haina mnyororo. Iliyokuwa nzima ni moja tu. Wote watatu waliigeukia ukutani. 

Wakamkalisha Joan kwenye keria, wakamfunga na siti kwa kitenge cha njano cha mama yake. Kilikuwa safi, kimetoka kwenye kamba asubuhi hiyo, na kilimfunika mgongo wote.

"Kichanga nimemwacha amelala, nakwenda kumkabidhi kwa bibi, halafu nafuata kwa miguu," Keza akasema. Akamsogelea shemeji yake karibu kabisa, akanong'ona. "Usikimbize kule kona ya jiwe."

"Ee," akasema Bizimana.

Sasa, kwa asiyejua milima ile. Huko kuna ustaarabu wake. Ukimkuta mtu anasukuma baiskeli yenye mzigo kwenye mlima, huulizi. Unaweka mkono nyuma ya keria, unamsukuma mpaka kileleni. Yeye hageuki, maana akigeuka gurudumu la mbele linakimbilia mtaroni. Mkifika juu, kwenye tambarare, ndipo anakutaja jina lako na kukuambia: fulani, asante, niachie. Ukiwa mgeni, anakuuliza jina kwanza. Huko ndiko kumfungua mtu. Mtu hashuki mlima hajamfungua aliyemsukuma. Watoto wanajua hilo kabla hawajajua kuhesabu.

Bizimana akapanda. Anatembea kando ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti. Barabara ya udongo mwekundu, imelowa. Ukungu unakula kila kitu hatua kumi mbele. Hapakuwa na mtu. Hata mbwa hakubweka. Ndani yake hakuna hofu, hakuna huzuni. Anahesabu tu nguzo za umeme.

Nguzo ya saba, baiskeli ikawa nyepesi.

Alijua mara moja. Kuna mtu ameweka mkono. Baiskeli ilikuwa inapanda yenyewe, yeye anaifuata.

"Asante," akasema bila kugeuka. "Nani huyo?"

Hakusikia hatua. Alisikia pumzi tu, pumzi ya mtu aliyezoea kupanda.

"Nani, ndugu yangu?"

Joan, ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, akajibu.

"Ni baba."

Bizimana hakusimama. Akasema moyoni, ni homa. Nguzo ya nane. Ya tisa. Ya kumi akashindwa, akageuka.

Ukungu mtupu. Barabara tupu. Joan amekaa amenyooka, mgongo umesukumwa mbele kidogo, kama mtoto anayebembeshwa.

Wakafika juu. Hapo ndipo pa kutaja jina. Bizimana alijua. Miguu yake ilijua, ikasimama yenyewe. Jina lilimfika mdomoni. Akalimeza.

"Asante, basi," akasema.

Akapanda baiskeli. Akaanza kuteremka.

Mwanzoni ilikuwa mteremko tu. Upepo, matone usoni. Akabana breki kidogo, zikashika. Raba mpya. Akabana tena. Baiskeli haikupungua. Akabana kwa nguvu zote, mpaka vidole vikauma. Akaangalia chini.

Gurudumu la mbele lilikuwa limesimama. Kabisa. Ungeweza kuhesabu spoku moja moja.

Na baiskeli ilikuwa inakwenda.

Akashusha miguu. Gambuti zikachimba udongo, zikachora. Haikusimama. Ikaongeza. Harufu ya raba kuungua ikampanda puani. Kitu kilikuwa kinasukuma. Taratibu. Kwa bidii. Kama mtu anayekusaidia.

"Baba mdogo," Joan akanong'ona nyuma yake. "Baba anasema achia breki."

"Nishike kiuno, Joan. Shika sana."

"Anasema kesho imefika."

Ukungu ukapasuka mbele. Kona ya mwisho. Jiwe. Msalaba wa chokaa ambao Keza aliuchora kwa mkono wake. Hatua thelathini. Bizimana akafikiria kuruka. Mtoto amefungwa. Hatua ishirini. Mikono ya Joan ikamwachia kiunoni, mmoja, halafu mwingine, kama anashikwa na mtu mwingine.

Hatua kumi.

"Matiasi!"

Sauti ilitoka kama si yake.

"Matiasi. Ni mimi. Nilikwambia kesho. Nilikuwa nimechoka tu, kaka. Asante kwa kunisukuma. Niachie."

Ikasimama.

Haikuserereka. Ilisimama kama imewekwa. Gurudumu la mbele lilikuwa limegusa msalaba, chokaa ikabaki kwenye tairi. Bizimana akageuka kuangalia walikotoka. Mistari ya gambuti zake. Mstari wa tairi. Hakuna nyayo.

Hakulia hata hapo. Alishuka, akaisukuma baiskeli kwa miguu mpaka zahanati, usukani ameushika kwa mikono miwili.

Muuguzi anaitwa Nice, msichana mkali anayefoka kwanza halafu anatibu.

"Malaria imempanda kichwani, na nyie mnakaa naye nyumbani! Nusu saa nyingine ungeniletea nini hapa?"

Akaweka dripu. Saa nane mchana jasho likamtoka Joan, akaomba uji. Nice akamkalisha ambadilishe nguo. Akamgeuza mgongo kwenye mwanga.

"Fundi. Huyu mtoto kashikwa na nani?"

Kwenye gauni jeupe, katikati ya mgongo, kulikuwa na kiganja. Udongo mwekundu, bado mbichi. Vidole vimetazama juu. Vinne vizima, na kidole cha mwisho kimekatikia kwenye pingili.

Kidole cha Matiasi kililiwa na mnyororo wa baiskeli akiwa na miaka kumi na mbili. Bizimana alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa anazungusha pedeli.

Akachukua kitenge cha njano. Akakigeuza nje, akakigeuza ndani. Ni safi. Kilikuwa kimefunika mgongo huo huo njia nzima, na hakina hata doa.

Keza akaingia muda huo, miguu imejaa tope. Akamwona mtoto anakunywa uji, akafanya ishara ya msalaba. Halafu akaliona gauni. Akalishika, akaweka kiganja chake juu ya kile kiganja. 

"Alikusukuma," akasema chini chini.

"Ee."

"Ulimfungua?"

"Nilimfungua. Nilimtaja. Nikamwambia aniachie."

Keza hakunyanyua macho.

"Wewe amekuachia," akanong'ona. "Na Joan?"

Bizimana akamgeukia mtoto. 

Huo ulikuwa mwaka jana. Joan sasa yuko darasa la kwanza, shule iko huko huko ng'ambo ya Murukaka. Mtoto mzima, mcheshi, haumwi hata mafua. Bizimana ameshakwenda kileleni mara nyingi kuita jina na kuomba. Hapati jibu. Alipanda hata na padri. Joan mwenyewe akiambiwa amfungue baba yake, hataki.

Wenzake Joan wakipanda mlima wanahema, wanakaa chini, wanalalamika. Yeye hapumziki. Anapanda anaimba, kama hana uzito. Kinachowashangaza ni kuteremka. Anakimbia mno. Ukimwita asimame anacheka, anasema si yeye.

Ndiyo maana kila asubuhi Keza anatangulia. Ukipita pale utamkuta amesimama kwenye kona ya jiwe, mikono ameitandaza, anamsubiri mwanawe.

Sweta ya shule wamebadilisha mara mbili. Udongo unarudi palepale, katikati ya mgongo. Vidole vinne na nusu.