Kijumba cha Mzee Ghanshyam

Haya, wewe uliyekaa hapo, nikutegee: nyumba ina jiko lisiloivisha, bomba lisilotoa tone, taa isiyofukuza giza, na mwenyewe anaipenda kuliko ile inayomkinga mvua. Umeshindwa? Nipe mji, basi. Ni kijumba cha Mzee Ghanshyam wa Mchafukoge. Laiti mambo yangeishia kwenye kutegana tu.

Mwaka ule maduka ya Kariakoo yalianza kujaa tena, sabuni za kunukia zikapatikana bila foleni, na kila mwenye ukuta mjini akawa anatafutwa na wanunuzi. Jumanne moja, saa saba mchana, Champaben, mke wa mzee, alikutwa amekufa kwenye sakafu ya jikoni kwake, jiko la mkaa bado lina moto. Aliyepiga kelele ni mtoto wao, Alpesh.

Hadi jioni, Scholastika, mfanyakazi wao wa ndani, alikuwa mahabusu. Alpesh alisema Scholastika ndiye aliyeacha mkaa unawaka ndani, hewa yake ikamuua mama. Koplo Zamzam alimkuta amejikunyata, kanga imemfunika uso.

“Afande, kila siku naliacha palepale, mlango wazi, hewa inapita. Leo ndiyo liue?”

“Wewe ulikuwa wapi?”

“Bosi Alpesh kanituma Mchikichini, nikatafute mapazia ya mitumba. Dada’angu, nina watoto wawili. Nikifungwa, nani atawatazama?”

Wasichana wa kazi walioletwa pale walikuwa wengi. Waliotoka mapema ni wa kuhesabu. Lakini chini ya kucha za marehemu alikuwa ameona rangi ya kijani, na mlango wa jikoni kwao ulikuwa wa kijani.

Asubuhi akapanda ngazi za nyumba ya mzee.

“Mlango ulikuwa wazi,” Alpesh alisema. “Tazama mwenyewe, hauna hata kitasa.”

Kweli, haukuwa nacho. Ila kwa nje, usawa wa bega, palikuwa na vitundu vinne vilivyozibwa kwa sabuni.

“Na hivi?”

“Mchwa, afande. Mbao za zamani.”

“Mchwa wa Bongo siku hizi wanapima kwa rula?”

Alpesh akacheka peke yake.

Chumba cha pili, mzee alikuwa ameinamia kijumba chake juu ya meza, kibano mkononi. Ilikuwa mfano wa nyumba yao yenyewe, hauna paa, unachungulia toka juu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

“Jana ulikuwa humu. Kati yako na jikoni ni ukuta mmoja. Hukumsikia mama akigonga?”

Mzee akatazama kibano.

“Mwache baba,” Alpesh alidakia. “Tangu jana hasemi zaidi ya salamu. Ni hayo madude yake tu. Kikiingia kitu kipya humu ndani, birika, swichi, hata msumari, anakipima, na siku hiyohiyo anatengeneza kidogo chake. Anasema nyumba ikivunjwa, ibaki hiyo.”

“Asichokiona hatengenezi?”

“Hajawahi.”

Zamzam akainama. Bomba lilikunjwa kutoka spoku ya baiskeli, sinki lilifinyangwa kwa tyubu ya dawa ya meno, swichi zilikuwa meno ya kitana. Akausukuma mlango wa jikoni kwa ukucha. Haukufunguka. Kwa nje palikuwa na komeo la bati, dogo kama punje ya mchele, limeshikwa na misumari minne.

“Alpesh, hebu njoo utazame.”

Alitazama, kisha akaketi sakafuni.

“Mama alishamfukuza mnunuzi wa nyumba mara mbili, kwa mwiko. Nikapigilia komeo asubuhi, Scholastika alipotoka; mama alipoingia kupika, nikalisukuma. Nikasema nimzuie nusu saa tu. Mnunuzi akanichelewesha kwenye duka la huku chini, maneno hayaishi. Niliporudi…”

“Ukang’oa komeo kwanza, ndipo ukapiga kelele.”

“Ndiyo.”

“Na Scholastika?”

“Nilidhani watamwachia.”

“Hawaachiwi, kaka. Nyumba je?”

“Nimeshakubali kuuza. Itavunjwa.”

Zamzam akatoa pingu. Scholastika angelala kwake usiku ule. Kingine cha kuokoa hakikuwepo. Alikuwa ameshafika mlangoni na Alpesh wake, mzee alipoweka kibano chini.

“Uliniuliza kama nilisikia.”

Zamzam akageuka.

“Nilisikia. Nilikuwa nagonga bati la hilo komeo dogo. Nikigonga mimi, na Champa anagonga. Nikajua ananitania, kama zamani tulipokuwa wageni humu. Nikawa namjibu.”