Ukoko Mweupe Juu ya Picha Nyekundu

Fundi rangi alijua kazi yake. Ukuta haupigwi rangi kabla ya kusuguliwa. Hayo alifundishwa na marehemu baba yake, fundi rangi vilevile, aliyelinda pango lenye picha nyekundu za wanyama karibu na nyumba yao.

Sasa mwenye duka mmoja jirani alikuwa anaeneza maneno kwamba mzee alizichora mwenyewe ili kuvuta wageni. Si alikuwa na makopo ya rangi? Fundi aliumia sana, hata chakula kikawa hakipiti.

Siku ya mtaalamu wa mambo ya kale kuja kupima umri wa picha, fundi aliwahi pangoni na msasa. Picha zilikuwa zimefunikwa na ukoko mweupe, naye alitaka zing'ae. Alikuwa ameshamsugua swala mmoja mtaalamu alipoingia, mama mtu mzima mwenye mkoba begani.

"Fundi, weka chini huo msasa," alisema taratibu. "Huo unaouita uchafu ndio utakaotueleza umri."

Fundi akauangusha msasa. Masikini, amemharibia baba yake kwa mikono yake mwenyewe!

Mama yule akamtuliza, akamweleza. Maji yanayochuruzika mwambani huacha chokaa juu ya picha. Ndani ya chokaa mna madini kidogo ya urani, ambayo hugeuka kuwa kitu kingine polepole, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima kiasi kilichogeuka, unajua umri wa ukoko.

"Na rangi yenyewe, mama?"

"Ingekuwa ya mkaa, tungeipima kwa njia nyingine. Hii ni ya udongo. Lakini niambie wewe fundi: ukikuta plasta juu ya rangi, kipi kilitangulia?"

"Rangi. Hilo halina mjadala."

"Basi picha ina umri mkubwa kuliko ukoko."

Akabandua punje chache za ukoko kwenye picha ya nyati, ambaye msasa haukumfikia, akazipeleka maabara. Miezi mitano fundi alirukia kila simu iliyolia.

Jibu likaja: ukoko una miaka elfu nne.

"Kumbe baba mkwe alikuwa mzee hivyo, na hakutuambia," mkewe alisema.

Fundi akacheka huku analia. Moyo ulikuwa mweupe. Jioni hiyo alichora kibao cha kuweka mlangoni pa pango: Usiguse, usisugue. Chini yake akaandika jina la baba yake, na neno moja: mlinzi.