Likikugongea, Usisimame

Rafiki yetu alimfuma dereva wake aliyemtoroka na lori lililokuwa likilisha nyumba nzima, kajificha nalo nyuma ya gereji. Salamu hakutoa. Alimshushia spana ya magurudumu mpaka meno yakamwagika kwenye oili.

"Bosi, lichukue," dereva alisema, damu ikimchuruzika. "Ila likikugongea, usisimame."

"Mwizi mkubwa we!" Akamwongeza teke la mbavu, akawasha lori, akaondoka.

Njiani bodi likagongwa mara moja kwa ndani, kama utingo anapotaka gari lisimame. Akasimama akitukana, spana mkononi, akafungua nyuma. Nje jua kali, mle ndani giza totoro, wala hamna mtu. Akarudi kwenye usukani.

Likagongwa mara mbili: twende, ameshapanda.

Kiti cha kando yake kikabonyea taratibu.