Punje Chini ya Ulimi

Harufu ya manyoya ya nguruwe yanayobabuliwa ilimjia Denis mchana, akiwa jikoni, na moto haujawashwa.

"Mama, unababua nini?"

"Sibabui kitu. Kula."

Tonge likamdondoka. Akaanguka, povu mdomoni, visigino vikipiga sakafu.

Mariana alikuwa mjane. Duara, shimo la wachimba dhahabu pale Rwamgasa, lilimfukia mumewe, akabakiwa na mtoto huyo mmoja. Aliuza kitimoto kwa wachimbaji, na hakununua nguruwe kabla ya kumlaza, kumvuta ulimi na kupapasa chini yake. Akikuta punje nyeupe kama mchele, alama ya tegu, alitema mate akaondoka. Wasiopapasa aliwaita walaji wa uchafu.

"Ni jini, Mama Denis," jirani yake Vumilia, aliyekimbilia kishindo, alinong'ona.

"Jini? Basi litaje jina, lisijifiche kama mwizi wa kuku." Akavua rozari, akaiweka kwenye paji la mwanawe.

Sauti nyembamba ikatoka kwa Denis, midomo haikucheza. "Jina sina. Nina nyumba."

"Nyumba gani, mdudu wewe?"

"Nilikuja nikiwa yai. Nikatoboa utumbo wake, nikapanda na damu mpaka kichwani, nikajifuma kifuko cha maji, nikakunja kichwa changu ndani yake, na mwili wake mwenyewe ukanijengea ukuta kwa nje, na walinzi wa damu yake wakapita mlangoni wasinione, nami nimelala. Haya, nifukuze. Nikifia humu ukuta utavimba, naye atatetemeka hivi hivi."

Mariana alicheka kwa dharau. "Mwoga! Mungu aliumba simba, wewe unalala kwenye mfuko wa maji. Nani alikufungulia?"

"Si kila nguruwe hunibeba ulimini. Ulionja nyama kabla haijaiva, ukisema unapima chumvi. Mama yangu, mrefu kama kamba, anaishi tumboni mwako, na mayai yake unatoka nayo chooni. Kisha unakata kachumbari. Mkono wako ndio ulionileta."

Vumilia akarudi nyuma hadi mlangoni. "Mama Denis... ile kachumbari niliyokula jana, ulinawa?"

Denis akafumbua macho. "Mama, nina njaa."

Mariana aliingiza kidole kinywani, akapapasa chini ya ulimi wake mwenyewe, taratibu, kama alivyozoea. Kidole kilipita, kikarudi, kikasimama penye punje. Alitaka kutema mate. Kinywa kilikuwa kikavu.