Kiputo Kisicho na Mkia

Mchoraji alikuwa anaingiza kurasa za kitabu chake cha katuni kwenye mashine ya fotokopi mojamoja, kwa ncha za vidole, kama mtu anayelaza mtoto. Nyuma yake foleni ya saa ya chakula cha mchana ilikuwa imeanza kunung'unika. Feni ikageuka, ukurasa mmoja ukaruka na kutua kwenye kiatu cha mwanamke aliyevaa gauni la kijani chini ya koti jeupe la kliniki.

Akauokota. Badala ya kuurudisha, akausoma.

"Hawa wanaotoka ardhini ni wezi?"

"Hapana, dada. Ni mashujaa. Walikufa katika kitabu kilichopita wakiokoa mji. Sasa wanarudi."

"Wote?"

"Kikosi kizima. Wasomaji walinisema mno."

"Na huyu aliyesimama mlangoni?"

"Mke wa huyo mwenye ngao."

"Je, kama alishaolewa na mwingine?"

Mchoraji akautazama ukurasa, akikwaruza wino kidoleni. Alikuwa amefikiria ngao, mabuti, hata udongo wa kwenye nywele. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Jamani, ni kopi au mkutano?" mtu akafoka nyuma.

Walitoka dukani wakiwa wamepeana namba. Mwanamke alikuwa mpokezi wa kliniki ya meno iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mchoraji alimhifadhi kwenye simu kwa jina la Maswali. Mwanamke naye akamwita Wino, kwa sababu ya vidole vyake.

Kesho yake akampigia simu. "Wino, jibu haraka, mgonjwa anaingia. Mtu aliyefufuka anahisi njaa?"

"Si ungeniuliza mimi kama nimekula, laazizi?"

"Umekula?"

"Bado."

"Basi huna tofauti nao."

Jioni akitoka kazini Maswali alipitia chumba cha mchoraji, juu ya duka la viatu, kilichonuka wino na gundi. Alivua viatu, akakunja miguu kitini na kusoma vitabu vya zamani. Mchoraji akamfundisha kanuni yake. Kila kiputo cha maneno kina mkia unaoelekea mdomo wa msemaji. Kiputo kisicho na mkia ni sauti ya marehemu.

Siku moja Maswali alimwonyesha picha ya mumewe, aliyefariki kwa ajali ya gari. Kijana mwembamba, anacheka.

"Huyu akirudi leo," akasema taratibu, "nitafurahi mpaka nizimie. Halafu sijui nitamwambia nini kukuhusu wewe."

Tangu hapo mchoraji alitaka kujua kitu kimoja tu: kama ndani ya moyo ule kulikuwa na nafasi yake. Kuuliza kukamshinda. Akachora.

Jumamosi alishuka kununua karatasi. Maswali akaingia, akakuta ukurasa mezani, wino haujakauka. Alikuwa yeye, na gauni lake la kijani, amesimama katikati ya waliofufuka. Juu ya kichwa chake palikuwa na kiputo kitupu. Hakikuwa na mkia.

Akavaa viatu, akaondoka, akazima simu. Jumatatu mchoraji akapiga namba ya kliniki.

"Kliniki ya meno, nikusaidie?"

"Maswali, ni mimi."

"Una jino?"

"Nina moyo."

"Hatung'oi."

"Usikate, tafadhali. Nimekosa nini?"

Akashusha sauti, maana wagonjwa walikuwa wanasikiliza. "Umeniua, Wino. Umenipanga na wafu, kiputo hakina mkia. Kwa kuwa mimi ni mjane, ukaona mahali pangu ni hukohuko?"

Kisha mchoraji akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, na nusura akatiwe simu.

"Mkia nauchora mwisho! Nikishajua maneno. Na hayo maneno siyajui, ni yako. Ukurasa unaotangulia ulikuwa chini yake. Njoo uone, mpenzi, ama nije huko niseme nina jino bovu."

Alikuja jioni, koti jeupe bado mwilini. Mchoraji akaziweka kurasa mbili kando kwa kando. Katika ule wa kwanza mwanamume mwenye vidole vyeusi alimtazama mwanamke wa gauni la kijani na kumwuliza, "Nafasi ipo?" Katika wa pili, nyuma ya bega la mwanamke, alisimama mmoja ambaye Jumamosi hakumtambua: kijana mwembamba, anacheka.

Maswali aliutazama uso ule kwa muda mrefu.

"Hajanuna," akasema.

"Sikuweza kumwondoa. Nikaona nikuulize mbele yake."

Akafuta jicho kwa mkono wa koti. "Mimi si karatasi, Wino. Niulize kwa mdomo."

Mchoraji akajipangusa vidole kwenye suruali, akaiharibu suruali. "Utanioa?"

"Mimi ndiye nikuoe?"

"Nimechanganya. Ngoja. Utakubali nikuoe?"

Alicheka mpaka akashika meza. Kicheko kilipomwisha akamgeukia mchoraji.

"Ndiyo," akasema. Akarudia, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye ngazi. "Ndiyo!"

Mchoraji akanyakua kalamu, akainamia kile kiputo. Maswali akakifunika kwa kiganja.

"Usiandike."

"Lakini wasomaji watataka kujua alijibu nini."

"Watafutie neno jingine. Hili ni langu."

"Neno gani sasa?"

"Kesho, mpenzi. Tutalitafuta kesho."

Akamtoa kalamu mkononi, akaifunika kwa kifuniko chake.