Joho la Buluu la Hebblethorpe

Jumanne moja ya Novemba, saa nane mchana, walimu wawili wa shule ya wavulana ya Hebblethorpe walipanda darini, juu ya kanisa la shule, kutafuta sare za zamani. Shule ilikuwa inatimiza miaka mia nne. Bernard Holroyd, mwalimu wa historia aliyebakiza miezi saba astaafu, alikuwa anaandika kitabu cha sare hizo: joho la buluu la wanafunzi maskini wa kwanza, kola nyeupe ngumu za enzi za babu yake, kofia ndogo za mistari, hadi koti jekundu wanalovaa wavulana leo.

Joho walilikuta ndani ya sanduku kuukuu, chini ya nguo nyingine zote. Mwenzake, Ilyas Qureshi, kijana anayefundisha kemia, ndiye aliyelishika kwanza, akaliachia hapo hapo.

"Lina joto," alisema. "Ndani. Kama mtu kalivua sasa hivi."

"Bomba la maji moto linapita hapo chini. Nyinyi watu wa kemia mnaogopa hata sufu?"

"Bwana Holroyd, liache tu."

Holroyd akacheka, akalivaa juu ya suti yake. Likamkaa sawasawa, ingawa lilishonwa kwa kipimo cha mtoto. Ilyas aliinama kuangalia chini ya sanduku. Hakukuwa na bomba.

Kipindi kilichofuata Holroyd aliingia darasani nalo.

"Mwalimu, umepewa uaskofu?" mvulana mmoja akauliza, na darasa zima likaangua kicheko.

"Kaa chini, Birtwistle." Akaanza kuita majina. Alipomaliza la mwisho hakufunga daftari. Akaita jina jingine, ambalo halikuandikwa humo: "Kershaw."

"Nipo," sauti ya mtoto ikajibu.

Hakuna mvulana aliyecheka, kwa sababu wote waliona midomo ya mwalimu haikutikisika, na sauti ilitoka kifuani mwake.

Jioni, mkewe Maureen alimkuta ameketi karibu kabisa na moto, anatetemeka. Nyumba ilinuka sufu mbichi na mafuta ya mshumaa. Maureen alikuwa fundi cherehani. Miaka ishirini na sita alishona nembo kwenye makoti ya shule ile, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye nguo.

"Vua hilo dubwana, mpenzi, chakula tayari."

"Halivuliki, Maureen."

Alifikiri ni mzaha. Akashika sehemu ya mbele, ambapo joho huachwa wazi, akakuta limeshonwa kutoka shingoni mpaka kifuani, mishono midogo, ya uzi mweusi, ya mkono. Na alipokuwa bado ameishika aliusikia: mkwaruzo mdogo wa sindano ikipita kwenye sufu, kisha kimya, kisha tena, na mshono mwingine ukajitokeza chini ya kidole chake.

Akachukua mkasi. Ulipogusa tu nguo, mumewe alilia kwa sauti ya mtoto, "Usinichape, nitalivaa, nitalivaa!" na damu ikalowesha sufu, ingawa mkasi haukuwa umefika mwilini.

Alikimbilia kwenye karatasi za mumewe, kwani alikumbuka kuwa Holroyd aliwahi kumsomea jambo kutoka kumbukumbu za shule. Akaliona. Mwanafunzi maskini, Kershaw, miaka kumi, aliona aibu kuzomewa mtaani kwa sababu ya joho lake, akalitupa mtoni. Mwalimu wake akaamuru ashonewe jingine mwilini, kutoka shingoni hadi miguuni. Alikufa kwa homa siku ya tisa.

Maureen alimpigia simu Ilyas. Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Nakuja na mama. Yeye huwasomea watu wenye majini."

Mama yake, Bibi Zubeida, alifika naye kabla hata chakula hakijapoa, mwanamke mfupi mwenye koti zito, na hakuvuka kizingiti mpaka alipomaliza kusoma dua. Mishono ilikuwa imefika magotini.

"Wewe ni yule mtoto?" akamuuliza Holroyd.

Kilichojibu kilikuwa na sauti nzito, ya taratibu. "Mtoto alishakwenda. Mimi nilivutwa na kilio chake, nikakuta mahali pa kukaa."

"Toka, kwa jina la Aliyekuumba."

"Nikitoka, nani atanivaa?"

Bibi Zubeida akamgeukia Maureen. "Dada, wewe ni fundi. Usikate. Fumua mshono mmoja mmoja, kuanzia wa mwisho, nami nasoma. Ukisikia unaitwa jina lako, usiitikie."

Maureen akapiga magoti, akafumua kwa ncha ya sindano, mshono baada ya mshono, huku akiitwa kwa sauti ya mumewe, kisha kwa sauti ya mama yake aliyekwisha kufa, kisha kwa sauti nyingi za wavulana waliokuwa wakicheka nyuma ya shingo yake, karibu mno hata alihisi pumzi zao, na hakuinua kichwa, na hakujibu, mpaka uzi wa shingoni ulipochomoka na joho likaanguka lenyewe sakafuni. Ilyas akalitupa motoni kwa koleo. Liliungua na moshi mzito, kisha likaisha.

Holroyd akafumbua macho. "Kuna chai?" akauliza, kwa sauti yake mwenyewe.

Maureen alilia kwa furaha. Alimfungua vifungo vya shati amfute jasho, na mkono wake ukasimama. Katikati ya kifua cha mumewe, kuanzia shingoni, mishono midogo ya uzi mweusi ilishuka, imepita kwenye ngozi.

"Bibi," alinong'ona.

Bibi Zubeida aliangalia, akaanza kusoma upya. "Endelea, dada."

Maureen akaushika uzi kwa kucha mbili, akauvuta. Ukatoka kidogo. Kisha, kutoka ndani, ukavutwa.